Kuwachekesha Watu wa Usenge Si Mchezo

Usenge ni mji mdogo wa wavuvi katika nchi ya Yimbo, kaunti ya Siaya, mahali ambapo barabara itokayo Bondo hukutana na Ziwa Victoria. Mbele yake kuna maji na kisiwa cha Mageta. Upande wa bara, si mbali, umesimama mlima wa Got Ramogi, ambao kwa mapokeo ya Wajaluo ndipo mzee Ramogi alipofanya makao alipofika katika nchi hii. Watu wa Usenge huishi kwa omena, mbuta na ngege, na kwa mashamba yao ya mahindi na mtama. Kazi yao ya tatu, kama ilivyo kwa watu wote wa ukingo wa ziwa, ni kusema. Hapana arusi, matanga, harambee ya shule wala mkutano wa wavuvi upitao bila hotuba, na hotuba moja huzaa nyingine mpaka jua lielekee kuzama upande wa Uganda.

Basi na afikiriwe mtu aliyeandikwa wa saba katika orodha ya wasemaji. Sita wamekwisha kusema, na watano kati yao wamesema jambo moja. Akina mama wamo jikoni, vijana wamo chini ya mti wakitazama simu zao, na wazee wa mbele wamefumba macho kwa namna isiyoeleweka kama ni kufikiri au kulala. Mtu huyo labda ni mwalimu anayetaka mabati ya darasa, au ni karani wa chama cha ushirika mwenye neno zito juu ya madeni. Watu wasipomsikia, mabati hayatapatikana, na deni litabaki palepale. Mtu wa namna hiyo anahitaji kicheko kama mvuvi anavyohitaji upepo, naye aghalabu hajui kinatoka wapi.

Wengi huamini kwamba kuchekesha ni kipawa cha kuzaliwa nacho, kama urefu wa mwili. Jambo hilo lina ukweli wa nusu. Nusu ya pili yaweza kuonekana kwa Barack Obama, aliyekuwa Rais wa Marekani tangu 2009 hata 2017, ambaye baba yake amezikwa Nyang'oma Kogelo, katika kaunti hiyo hiyo ya Siaya. Kila mwaka waandishi wa habari wa Ikulu ya Marekani hufanya karamu mjini Washington, na desturi humtaka Rais asimame na kuwachekesha. Obama alisifiwa sana kwa kazi hiyo. Lakini mizaha yake ilipikwa na vijana waliolipwa mshahara, wakiwamo Jon Lovett na David Litt. Waliandika mingi ili michache isemwe. Iliyobaki ilikatwa, ikaandikwa tena, ikakatwa tena. Ikiwa mtu mwenye ulimi kama ule hakuona aibu kushika kalamu, mwalimu wa Usenge ataona aibu ya nini?

Karamu ya tarehe 30 Aprili 2011 yastahili kukumbukwa. Kwa muda mrefu wapinzani fulani walikuwa wakidai kwamba Obama hakuzaliwa Marekani, bali Kenya. Siku tatu kabla ya karamu alikuwa ametoa cheti chake cha kuzaliwa huko Hawaii. Usiku ule akawaambia wageni kwamba ataongeza ushahidi, na kwamba kwa mara ya kwanza ataonyesha filamu ya siku aliyozaliwa. Taa zikafifia. Filamu iliyoonyeshwa ilikuwa ule mwanzo wa sinema ya katuni The Lion King, ambapo mtoto wa simba huinuliwa juu ya mwamba mbele ya wanyama wote wa Afrika. Hakumtukana mtu, wala hakujitetea. Alilichukua neno la adui zake, akalikubali, akalikuza mpaka likawa la kipuuzi kabisa, na watu wakaliona upuuzi wake wenyewe. Zaidi ya hayo, wakati huo alikuwa amekwisha kutoa amri ya kumshambulia Osama bin Laden, jambo lililotangazwa usiku uliofuata, wala usoni pake halikuonekana hata kidogo.

Ila haipasi kwenda Washington kuutafuta ufundi huu, kwa maana uko hapo Yimbo tangu zamani. Wajaluo wana kitu kiitwacho pakruok, yaani kujisifu kwa maneno ya mafumbo na ya kutia chumvi. Mpigaji wa nyatiti, kinanda kile cha nyuzi nane, hupiga na kuimba. Mara mtu mmoja katika wasikilizaji huinuka, hutoa fedha yake, na kinanda hunyamazishwa. Ndipo hujisifu: yeye ni mwana wa nani, shemeji wa nani, rafiki wa fulani ambaye ng'ombe wake wakinywa maji mtoni samaki hubaki juu ya tope. Watu hucheka, kinanda huanza tena, na mara mwingine hutoa fedha kubwa zaidi ili amshinde wa kwanza. Katika ohangla na benga desturi hiyo imeendelea, ijapokuwa siku hizi sifa nyingine hununuliwa kabla ya nyimbo kurekodiwa.

Mwenye kutazama pakruok kwa makini ataona sheria zake, ingawa hazikuandikwa mahali. Kwanza, mwenye kujisifu hutia chumvi kiasi ambacho hapana anayeweza kudhani kwamba ni kweli. Uongo mdogo ni uongo, lakini uongo mkubwa wa namna ile ni mchezo. Pili, hujisifu kwa vitu ambavyo kila mtu anavijua: ng'ombe, mtumbwi, shemeji, mvua. Tatu, husema kwa ufupi, kwa maana fedha aliyotoa hainunui muda mrefu. Sheria hiyo ya tatu ingefaa kupelekwa katika kila harambee ya nchi, na wasemaji walipe kwa dakika.

Watoto nao walikuwa na shule yao. Bibi Asenath Bole Odaga, mwandishi aliyekusanya masimulizi mengi ya Wajaluo mpaka alipofariki mwaka 2014, ameeleza habari za siwindhe, nyumba ya bibi mzee ambamo watoto walilala na kufundishwa hadithi na vitendawili. Mtoto aliyesimulia vibaya aliambiwa na wenzake palepale, gizani, bila huruma. Hapana mwalimu wa hotuba aliye mkali kama watoto kumi wenye usingizi.

Aliyeichukua shule hiyo akaipeleka uwanjani ni Raila Odinga, ambaye alizikwa Kang'o ka Jaramogi, Bondo, tarehe 19 Oktoba 2025. Alikuwa na tabia ya kuita, "Kitendawili!" na maelfu ya watu wakaitika, "Tega!" Kwa neno moja watu waliosimama juani tangu asubuhi waliacha kuwa watazamaji, wakawa washiriki. Tena alikuwa akitangaza siasa kama mpira wa miguu: fulani ana mpira, anampa fulani, anamchenga mpinzani, anapiga, na umati wenyewe humalizia kwa kupiga kelele ya bao. Mchezo huo ulifaulu kwa sababu masikio ya Wakenya yalikuwa yamezoezwa na redio kwa miaka mingi, na watangazaji kama Leonard Mambo Mbotela, aliyefariki Februari 2025. Raila hakuwa na haja ya kueleza mzaha wake. Umbo lake lilikuwa limo tayari katika vichwa vya watu. Yeye alibadilisha majina tu.

Mbotela mwenyewe ana somo jingine. Katika kipindi chake cha redio, "Je, Huu ni Ungwana?", kwa miaka mingi aliwacheka watu wenye tabia mbaya: anayeingia nyumba ya watu wakati wa chakula, anayeazima kitu asirudishe, anayesema kwa sauti kubwa penye mgonjwa. Hakutaja jina la mtu. Kila msikilizaji alicheka kwa furaha akimfikiria jirani yake, na jirani naye vivyo hivyo.

Sasa na tuje kwenye karatasi. Mathalani karani mmoja ameombwa kusema katika arusi ya rafiki yake mvuvi, pale Usenge. Anakaa mezani usiku na kuandika hivi: "Bwana arusi ni mtu anayependa sana kutia chumvi katika habari zake, hasa habari za samaki, maana kila mara husema amekamata mbuta mkubwa sana kisha akamponyoka, nasi huwa tunacheka sana."

Kila jambo lililomo ni kweli, wala hapana atakayecheka. Karani amelifungua fumbo katika maneno ya kwanza, na tena ameeleza kwamba watu walicheka, jambo ambalo halijawahi kumchekesha mtu yeyote asiyekuwapo. Na achane karatasi, aandike upya:

"Bwana arusi ni mkweli. Nimefanya kazi naye miaka mingi, wala sijasikia uongo kinywani mwake, ila katika habari za mbuta mmoja. Mwaka wa kwanza mbuta huyo alimponyoka akiwa na urefu wa mkono. Mwaka wa pili alikuwa na urefu wa kasia. Mwaka huu ameupita mtumbwi. Ndugu zangu, ni samaki gani huyu asiyekua ila baada ya kuponyoka? Basi alipotuambia kwamba amepata mchumba mzuri kupita wote, tulinyamaza, tukangoja tuambiwe jinsi alivyoponyoka. Leo tumemwona kwa macho yetu. Kwa mara ya kwanza, bwana arusi amerudi pwani na kile alichotuambia."

Mambo yaliyobadilika ni machache. Hotuba imeanza kwa sifa, hata watu wakaingia katika mtego wakiwa wametulia. Samaki amekua kwa hatua tatu. Mbili zisingetosha kuonyesha njia, na nne zingechosha. Neno la kuchekesha limewekwa mwisho wa sentensi, nyuma yake pasiwe na kitu. Hilo ni jambo ambalo waandishi wengi wa Kiswahili husahau, wakamalizia kwa "na kadhalika" au "kama mnavyojua", maneno ambayo humwagia moto maji. Tena hotuba imegeuka. Iliyoanza kwa kumcheka bwana arusi imeishia kwa kumheshimu bibi arusi, na wazazi wa upande wa pili, ambao walikuwa wameanza kutazamana, wamepiga makofi kuliko wote.

Lakini karani huyo na aangalie. Samaki yumo hotubani, na bibi arusi yumo hotubani. Mzaha mvivu ungewaunganisha, ukamwita bibi arusi mbuta, na kusema habari za unene wake. Watu watano wangecheka kwa sauti kubwa. Kwa bahati mbaya, shangazi zake wangekumbuka neno hilo mpaka kitukuu wa kwanza. Yafaa kabla ya siku ile hotuba isomewe mtu mmoja wa upande wa wakwe, faraghani, na kila neno linalomfanya akohoe liondolewe.

Njia nyepesi ya kupata la kusema ni kusikiliza sokoni na pwani, kwa kuwa watu hutunga mizaha bila kujua. Viwanda vya Kisumu vilipoanza kununua mbuta, samaki ambaye aliletwa katika ziwa hili na watu katika miaka ya 1950 na 1960, minofu ilisafirishwa ng'ambo, na wenyeji wakabaki na kichwa na mifupa. Akina mama waliikaanga mifupa hiyo wakaiuza, na watu wakaiita "mgongo wazi", kana kwamba ni mtindo wa gauni la kwenda dansini. Katika maneno mawili hayo zimo njaa, biashara ya dunia na kicheko. Msemaji akilitaja jina hilo mbele ya watu wa ziwa hana haja ya kutoa hotuba ndefu juu ya bei ya samaki. Wamekwisha kumwelewa, na sasa watamsikiliza atakapotaja haja yake.

Kuna kicheko kingine, nacho hakifai kupitwa haraka. Tarehe 25 Oktoba 1969 Rais Jomo Kenyatta alifika Kisumu kufungua hospitali mpya ya Nyanza, ambayo watu waliiita "Russia" kwa kuwa ilijengwa kwa msaada wa Urusi ya Kisovieti. Nchi ya Luo ilikuwa bado katika msiba wa Tom Mboya, aliyeuawa kwa risasi Nairobi tarehe 5 Julai mwaka ule. Baadhi ya watu walipiga kelele za upinzani. Rais aliacha mambo ya hospitali, akatoa kejeli, vitisho na matusi, akimwelekea Jaramogi Oginga Odinga aliyekuwa amekaa papo hapo, naye Jaramogi akamjibu. Wakajibizana mbele ya halaiki. Katika msukosuko uliofuata askari walipiga risasi, na watu wakauawa, hata watoto. Siku chache baadaye chama cha KPU kilipigwa marufuku na Jaramogi akatiwa kizuizini. Haingekuwa haki kusema kwamba maneno peke yake yaliua. Chuki ilikuwa ya siku nyingi, na bunduki zilikuwa mikononi mwa watu waliochagua kuzipiga. Lakini mwenye nguvu anapomcheka hadharani mtu aliyeumizwa, hapo hapana utani. Utani hutaka wote wawili waweze kujibu na kurudi nyumbani salama.

Hata yule Obama wa karamu ya 2011 aligusa mpaka huo. Ukumbini usiku ule alikuwamo Donald Trump, aliyekuwa ameieneza sana habari ile ya cheti, na Rais akamcheka kwa kirefu huku watu wote wakimgeukia kumtazama. Wako wanaosema kwamba fedheha hiyo ndiyo iliyomtia hamu ya kugombea urais, ambao aliushinda mwaka 2016, mwenyewe amekana. Mizaha iliyopendeza zaidi ya Obama ni ile aliyojipiga mwenyewe. Alipokuja Kogelo mwezi wa Julai 2018 alisimulia safari yake ya kwanza kuja kwao, katika basi lililojaa, kuku mapajani na viazi vikimchoma ubavuni. Hapo hapana aliyeumia, ila viazi.

Kusema kwenyewe ni kazi nyingine mbali na kuandika. Usenge kuna upepo wa ziwa, ambao hupiga katika kipaza sauti na kula nusu ya maneno. Kwa hiyo neno la mwisho, lile lenye mzaha, lisemwe polepole na kwa sauti kamili, wala lisimezwe. Baada yake msemaji anyamaze. Hili ni gumu kuliko yote, kwa sababu ukimya wa sekunde mbili mbele ya watu mia tatu huonekana kama msimu mzima wa kiangazi. Lakini watu wa nyuma hawana budi kuambiwa na watu wa mbele, na msemaji akiendelea upesi hukiua kicheko kikiwa bado njiani. Asicheke yeye kwanza. Asitangaze, "Sasa nitawachekesha," kwa maana kila mtu hukunja uso papo hapo amjaribu. Na mzaha ukianguka, asiuokote. Aendelee mbele kana kwamba lilikuwa neno la kawaida, na walio wengi hawatajua kwamba kitu kimeanguka.

Pana pia jambo la lugha. Katika mikutano mingi ya Nyanza msemaji husema Kiingereza au Kiswahili, na mkalimani hutia katika Dholuo. Mzaha katika hali hiyo hupita mikono miwili, na huweza kufika umekufa. Jimmy Carter, aliyekuwa Rais wa Marekani tangu 1977 hata 1981, alipenda kusimulia jinsi alivyosema kichekesho kidogo huko Japani, na watu wakaangua kicheko kikubwa mno. Alipomwuliza mkalimani alikitafsiri vipi, mkalimani baada ya kusitasita alikiri kwamba aliwaambia: Bwana Carter amesema jambo la kuchekesha, ni lazima wote mcheke. Mwenye kutegemea mkalimani na akae naye kabla ya mkutano, amwambie mzaha wenyewe, na amwachie uhuru wa kuubadilisha. Ikiwa msemaji anajua Dholuo, hata Dholuo ya kubabaika, mizaha yote na iwe katika lugha hiyo, na mambo ya hesabu yabaki katika Kiingereza.

Mwisho kuna yule mzee au kijana, aghalabu amekwisha kuonja kitu, ambaye atajibu kutoka nyuma. Nchi ya pakruok haiwezi kumkosa. Jibu lake likiwa zuri kuliko hotuba, msemaji na amsifu mbele ya watu, kwa kuwa mtu aliyeshindwa kwa uzuri hupendwa, na baada ya hapo aombe mabati yake.

Karatasi ya hotuba ile isitupwe. Yaweza kufaa tena. Lakini isitumiwe Usenge kabla ya mwaka kupita, kwa sababu waliokaa katika arusi ya Jumamosi hii ndio watakaokaa katika harambee ya Jumamosi ijayo, na kumbukumbu ya watu wa ziwa ni nzuri sana katika mambo ya samaki. Na iwekwe kwanza mfukoni, ivuke kwa mashua mpaka Mageta, au ipande matatu mpaka Port Victoria, na huko yule mbuta aongezwe urefu kidogo.